Mashine Iliyotangaza Sambaza Ziwa Likiwa Limefungwa

Niliwahi kuwatangazia watu wa Gisenyi sambaza wabichi wakati ziwa Kivu lilikuwa limefungwa, hakuna wavu majini. Tena sikutangaza mara moja nikajirekebisha. Nilitangaza kila asubuhi, kwa furaha, na alama ya mshangao mwishoni, wala sikujua kama natangaza. Nilikuwa ndani nakunywa chai.

Wasionijua waelewe kwanza kwamba mimi ni mtu wa ndani. Kazi yangu ni kutengeneza mialiko ya harusi na mabango kwenye kompyuta, na mteja akitaka tuonane uso kwa uso, namuuliza kama simu yake imeharibika. Masomo yangu yaliishia sekondari. Mambo ya mtandao nilijifunza kwa kubonyeza na kumwomba Mungu. Naishi uwanja mmoja na dada yangu mkubwa, ambaye sisi tuliokulia Goma tunamwita yaya. Yaya anauza sambaza, wale samaki wadogo wa Kivu. Asubuhi anawachukua kwenye mwalo wa Rubona wavuvi wanaporudi, anawaleta nyumbani kwenye beseni, wengine anawauza wabichi hapo langoni, wengine anawakaanga.

Mwanzoni kutangaza kulikuwa kazi yangu ya mkono. Yaya alipiga picha ya beseni, akanitumia, nami nikaiweka kwenye ukurasa wetu wa kwanza wa mtandaoni, halafu wa pili, halafu kwenye chaneli ya wateja, kila mahali nikiandika maneno yaleyale. Nikaona haiwezekani, mtu mzima mwenye diploma ya sekondari ukutani kugeuka punda wa kubeba picha. Nikafungua akaunti kwenye ghala la mtandaoni, lile wanaloliita wingu, nikatengeneza folda, nikaiunganisha na simu ya yaya ili kila picha ya beseni iingie humo yenyewe. Kisha nikatafuta moja ya zile huduma za kuunganisha, unazoziambia: kikitokea hiki, fanya kile. Nikaiambia: picha mpya ikiingia kwenye folda, ichukue, iandikie “Sambaza ya leo imefika, mukuje haraka!”, uiweke kwenye kurasa zote mbili na kwenye chaneli.

Ikafanya kazi vizuri kuliko mimi. Yaya alikuwa anapiga picha kulekule Rubona, na kabla hajashuka kwenye basi dogo la kurudi mjini, watu wako langoni na sahani zao.

“We uko na akili sana,” yaya aliniambia. “Shida ni moja, hautokake nje.”

Hapo ningeacha. Lakini mtu akishasifiwa huanza kutafuta sifa ya pili. Siku moja yaya alisahau kupiga picha, kurasa zikakaa kimya, wateja wakapiga simu kuuliza kama amefiwa. Mimi huyo, nikaongeza sheria nyingine: asubuhi ikipita bila picha mpya, chukua yoyote ya zamani kwenye folda, itoe na maneno yaleyale. Nilijiambia beseni ni beseni, na sambaza wa Jumanne hana sura tofauti na wa Jumatano. Nikaridhika kiasi kwamba niliacha hata kuzitazama kurasa zenyewe. Nizitazame za nini, na nimeweka mashine?

Kisha ziwa likafungwa, kama linavyofungwa kila mwaka ili sambaza wazaane na wakue. Nyavu zikaanikwa, Rubona ikapoa, yaya akageukia mandazi. Beseni likawa la unga. Hakupiga picha tena, maana nani anapiga picha ya unga? Mashine ikaingia kwenye folda, ikakuta hakuna kipya, ikafanya nilivyoifundisha.

Wa kwanza kuja alikuwa mpishi wa hoteli moja ya ufukweni. Yaya akamwambia ziwa limefungwa. Yule mpishi akacheka, akashusha sauti.

“Mama, mi najuaka kunyamaza. Nipe kidogo tu.”

Yaya akamuuzia mandazi, akaingia ndani kunieleza kwamba mahoteli siku hizi yanaajiri vichaa. Nikakubaliana naye kabisa, bila kutoa macho kwenye mwaliko wa harusi niliokuwa naupamba.

Kesho yake wakaja wawili: kiongozi wa koperative, ule ushirika wa wavuvi unaolinda ziwa, na mtu wa serikali, wa ofisi ya sekta, aliyevaa koti kana kwamba ni Jumapili. Walimkuta yaya uwanjani, mikono imezama kwenye unga. Nilikuwa dirishani, nikasikia yote.

“Mama, sambaza unatoaka wapi?” kiongozi akauliza.

“Sambaza gani? Ziwa si mulifunga wenyewe?”

Akamsogezea simu. “Huu mukono ni wa nani?”

Yaya akainama akatazama. Picha ilionyesha beseni limejaa, sambaza wanang’aa, na ukingoni mkono wenye bangili ya shaba. Bangili hiyo ilikuwa mkononi mwake, imepakwa unga.

“Ni wangu,” akasema polepole. “Lakini picha haiko ya leo.”

“Imeandikwa leo. Na jana. Na juzi.”

Hapo nikaweka kikombe chini. Ziwa likifungwa, wako watu wanaoiba samaki kwa kujificha, na anayenunua kwao anahesabiwa mwizi mwenzao. Kiongozi hakupandisha sauti. Alisema tu kwamba kama yaya ananunua kwa wezi, ziwa likifunguliwa asijisumbue kufika Rubona, hatauziwa hata kopo moja. Yaya amechukua sambaza pale tangu mama yetu, aliyeuza kabla yake, aliposhindwa kusimama kwa muda mrefu. Mandazi anayafanya kwa kungojea. Sambaza ndio kazi yake.

Akageukia dirisha langu. “Mudogo wangu! Toka!”

Nikatoka, na suruali ya kulalia, kwa sababu sikuwa na mpango wa kuonana na serikali. Nikaanza kueleza: wingu, folda, sheria ya kwanza, sheria ya pili. Mtu wa sekta alinitazama kama mtu anayesimuliwa ndoto ya mwenzake.

“Donc, yaani ni mashine ndiyo inauzaka?”

“Inatangaza tu, mukubwa. Haiuzi.”

“Na samaki ya kwenye picha iko wapi?”

“Tulishaikula, kitambo.”

Yaya akafumba macho. Nikaona maneno yangu yanazidi kumzamisha, na kwamba maneno zaidi hayatasaidia. Basi nikafanya jambo ambalo hata sasa nalihesabu kuwa la busara, ingawa lilikuwa kosa lilelile, kwa makusudi.

“Mukubwa,” nikamwambia kiongozi, “shika simu yako vizuri. Sasa angalia beseni. Ndani muko nini?”

“Unga.”

Nikafungua ile huduma kwenye simu yangu, nikabonyeza kitufe cha kuendesha sheria ya pili papo hapo. Tukangoja kidogo. Simu yake ikalia mkononi. *Sambaza ya leo imefika, mukuje haraka!* Beseni lilelile, limejaa samaki. Akatazama simu, akatazama unga, akatazama simu tena. Nikabonyeza mara nyingine. Ikatoka picha nyingine, ya siku ya mvua, na mwavuli wa yaya nyuma yake.

“Acha! Acha!” akapiga kelele. “Utaniletea muji wote hapa!”

Mtu wa sekta alikuwa ameshaanza kucheka, anajipangusa kwa mkono wa koti. Na lango likasukumwa, akaingia jirani yetu wa nyuma ya ukuta, mama anayevusha karoti mpakani kupeleka Goma, mkononi ana sahani. Naye alikuwa amepata tangazo.

“Munaona?” nikasema. “Hata jirani imemudanganya.”

“Nyamaza wewe,” yaya akaniambia. Kisha akamuuliza kiongozi moja kwa moja, bila kuzungusha: “Na Rubona?”

Kiongozi akaitia simu mfukoni. “Rubona utakuja, kama wengine. Lakini kuanzia sasa hii mashine iseme ukweli. Kila asubuhi iandike ziwa limefungwa, mpaka tufungue.”

Yaya akaketi kwenye kigoda, unga mpaka kwenye viwiko, akacheka kicheko cha mtu aliyerudishiwa kitu chake. Nami, kwa kuwa hatari imepita, nikapata nguvu ya kuhutubia. Nikawaeleza kwamba nitaifuta sheria ya pili leo hii. Nitaweka folda ya kungojea, picha ikae humo mpaka yaya mwenyewe abonyeze ndiyo. Picha ambayo si ya asubuhi hiyo isipite kabisa. Neno “leo” lisitoke bila ruhusa yake. Na kweli, ndivyo inavyofanya kazi mpaka sasa, sijaona mpangilio mzuri kuliko huo mji mzima. Nilikuwa nimefika kwenye namna ya kutenganisha kurasa na chaneli wakati jirani, aliyekuwa bado amesimama na sahani yake tupu, aliponikata:

“Bon, sambaza iko ama haiko? Kama iko, unipimie. Kama haiko, unyamaze.”