Togwa Niliyosema Imechacha

Nikiwa na miaka tisa nilimwaga togwa ya Pasaka, kisha nikasema ilikuwa imechacha. Kosa la kumwaga naweza kulivumilia. Lile neno ndilo linaloniamsha.

Kila Juma Kuu nyumba yetu ya mtaa wa Lizaboni ilinuka gunia bichi. Bibi, mama yake baba, aliloweka ulezi Jumapili ya Matawi, akaufunga kwenye gunia nyuma ya mlango wa jikoni hadi ukachipua. Alhamisi aliutwanga baada ya kuuanika, kwa sababu Ijumaa Kuu kwetu hakuna aliyeruhusiwa kugusa mchi. Jumamosi alipika uji wa mahindi, akausubiri upoe, akatia kile kimea, yaani unga wa ulezi uliochipua, akafunika ndoo. Hakuna aliyeonja kabla ya misa ya Jumapili, na birika la kwanza lilikwenda kwa Mama Zena, jirani yetu Mwislamu, ambaye naye hakutusahau siku ya Idi.

Mwaka huo duka la barabarani lilipanga maboksi ya Pasaka: soda, biskuti na mayai ya chokoleti, yamefungwa nailoni na utepe wa zambarau. Rafiki yangu Beni alinunuliwa boksi moja. "Ninyi Pasaka nzima mnakunywa uji kama wagonjwa!" aliniambia tukitoka misa, na mchana huo alikuwa anakuja kwetu. Nikakimbia nyumbani kabla ya wakubwa, nikaiburuta ndoo hadi mtaroni nyuma ya jiko, nikaimwaga nikitumaini Mama angeagiza soda. Ilikuwa tamu. Nilijua, maana nililamba vidole.

"Togwa iko wapi?" Bibi aliuliza.

"Ilichacha, Bibi. Nimeimwaga wageni wasije wakaicheka."

Hakuinusa ndoo. Aliniamini, akabaki anaitazama mikono yake. Baadaye Mama Zena alisimama uani na birika lake tupu. "Mwenzangu, leo umeninyima?"

"Mwaka huu mkono umenikataa."

"Ndiyo uzee huo! Mwakani usihangaike, tununue soda tu." Wakacheka wote wawili, na Bibi akawa wa kwanza kuacha kucheka. Soda zililetwa, Beni alikunywa mbili. Bibi hakuloweka ulezi tena, na miaka minne baadaye alifariki akiamini kwamba mikono yake ilimwangusha.

Sasa duka lilelile linauza togwa ya chupa kwa ofa ya Pasaka, yenye picha ya bibi kizee anayetabasamu. Siwezi kuitazama. Nimejifundisha kupika mwenyewe, kwa kipimajoto na daftari, na kwa miaka mingi nilimwaga ndoo baada ya ndoo kwa sababu ya uchachu ambao pengine hakuna mwingine angeuhisi. Kila nilipomwaga nilisikia mlio uleule wa mtaroni, na jikoni, hata pasipo na ulezi, palinuka gunia bichi.

Pasaka iliyopita nilimpelekea Mama Zena birika. Kabla hajaonja nikamwambia kila kitu. Aliliweka birika mapajani.

"Kumbe haikuchacha," alisema. "Na mimi nikamwambia tununue soda."

Akamimina vikombe viwili. Ilikuwa imechacha kidogo. Tulikunywa hadi ikaisha.

Tangu siku hiyo simwagi togwa. Ikichacha, nasema imechacha, na ninainywa.