Tangazo Nililoliruka

Gazeti la Jumapili lilinukia wino na mafuta ya taa. Baba alikuwa mpanga herufi katika kiwanda kidogo cha uchapaji cha kanisa mjini Moshi, na kila Jumapili tulipotoka kanisani alinipa nakala nimpelekee Bibi Ndeshi, mjane jirani yetu huku Uru, nikamsomee. Bibi hakujua kusoma. Alinikalisha jikoni, akanimiminia maziwa ya mgando, akasema, "Haya mjukuu wangu, anza na wagonjwa na waliokufa. Habari za wakubwa zitasubiri." Lilikuwa na kurasa nane tu, lakini mlimani kote ndilo lililowaambia watu nani amelazwa na nani anazikwa lini.

Nilikuwa na miaka kumi. Jumapili moja wenzangu walikuwa wakinisubiri mtoni, nikauruka ukurasa wa vifo. "Leo hakuna tunayemjua, bibi."

"Mungu ashukuriwe," akajibu.

Jumanne baba alirudi kutoka kazini amekunja uso. Dada yake Bibi Ndeshi, aliyeolewa Himo, alikuwa amezikwa jana yake, na Bibi hakuonekana mazikoni. "Lile tangazo nililipanga kwa mikono hii," alisema. "Ulimsomea?"

"Nilimsomea, baba. Akasema mguu unamuuma."

Maneno yalinitoka mepesi kabisa. Kabla wiki haijaisha, kijiji kizima kilijua kwamba Bibi Ndeshi alikataa kumzika dada yake. Watu wa Himo hawakukanyaga tena kwake. Alipolia kwamba hakusomewa, nani angemwamini mbele ya binti wa mpanga herufi, aliyekuwa wa kwanza darasani? Mimi nilikaa kimya. Jumapili iliyofuata aliniambia mlangoni, kwa upole, nisijisumbue tena.

Gazeti lilishakufa. Siku hizi taarifa ya msiba huingia kwenye simu kabla turubai halijafungwa. Wazee wa usharika wameniomba niandike historia ya gazeti lile, na habari za mitambo na wahariri nimeziandika bila shida. Mwezi uliopita nilikwenda kwa dada Anande, binti yake Bibi, nikamwamkia, nikamweleza yote. Alisikiliza huku akiendelea kukata majani ya ng'ombe.

"Mama aliishi miaka kumi na minne baada ya hapo," alisema bila kuinua macho, "na nyumba yenu ilikuwa pale pale."