Muhuri wa Tuva na Chai Yangu

Nyinyi vijana mtakaosoma haya, wekeni simu chini kwanza. Mimi sikupita darasa la nne, kwa hivyo sitawapambia maneno. Nataka mjue vile nusu ya shamba letu hapa chini ya kilima cha Lukenya iligeuka shimo la mawe, na vile nusu iliyobaki, ile yenye nyumba na makaburi, iko karibu kufuata. Jumamosi watu wa machimbo wanakuja tena. Waliowaalika ni wanangu wawili, niliowanyonyesha mimi.

Mume wangu alikuwa mtu wa posta, Machakos mjini. Alipanga barua. Muhindi mmoja wa duka la vitambaa alikuwa anakusanya stempu, na moja aliyokuwa nayo mara mbili akampa mume wangu. Ilikuwa ya pembe tatu, na ndani kuna ngamia wa nundu mbili. Imetoka nchi inaitwa Tuva.

Hakulala vizuri mpaka akajua Tuva ni wapi. Mwalimu mmoja wa jiografia akamweleza. Ni nchi ya wachungaji, huko katikati ya Asia, imebanwa kati ya Urusi na Mongolia. Ilikuwa na bendera yake na stempu zake. Halafu wakati wa vita kuu, wakubwa wachache wakaandika barua kuomba Urusi iwameze. Wananchi hawakuulizwa. Stempu zikaisha.

Jambo hilo lilimuuma kama mtu aliyeibiwa ng'ombe. Akanunua daftari, na kila Jumapili tukitoka kanisani anakaa mezani kuandika historia ya Tuva ambayo haikumezwa. Aliandika miaka mingi. Mimi napura maharagwe, yeye ananisomea. Kwa daftari, ile barua haikuenda. Tuva ikabaki na mipaka yake, ikajenga shule, ikagombana na Mongolia juu ya malisho, ikapatana. Balozi wake alifika Nairobi, akaletwa Machakos, akala muthokoi akaomba tena. Timu yao ya mpira ilikuja kucheza na Kenya ikafungwa matatu.

"Kwa nini wafungwe?" nikamuuliza. "Si ni wewe unaandika?"

"Mama watoto, nchi huru lazima ipoteze mechi zake yenyewe."

Nilicheka. Sitasema uongo, nilimpenda siku hizo.

Sasa sikieni ya pili. Kaka yake mkubwa alileta watu wa machimbo. Kifunguamimba wangu alikuwa bado shule ya msingi. Walitaka upande wa juu, wenye mawe, ambao ndio ulikuwa malisho yetu na mti wa asali wa baba mkwe. Mimi nilikuwa nimesikia kwa kisima, kwa hivyo walipoingia walinikuta nimeketi juu ya sanduku la bati. Hati ya shamba ilikuwa ndani.

Shemeji akaniangalia akacheka. "Shemeji, leo unaatamia? Mayai ya nani hayo?"

"Yangu," nikamjibu. "Yakianguliwa utaitwa."

Wale wageni wakacheka. Mume wangu hakucheka. Walikaa hapo wakiongea mambo ya mvua, na mimi sikusonga. Wangekaa mpaka waoze. Kisha mume wangu akasema, kwa sauti ya chini, bila kuniangalia usoni, "Mama watoto, wageni hawajaonja hata maji."

Mnajua sisi. Mgeni akitoka boma la Mkamba mdomo mkavu, aibu inamfuata mama mwenye nyumba mpaka kaburini. Nililelewa hivyo. Mama yangu alipika uji hata kwa askari waliokuja kumshika baba yangu. Nikainuka. Hakuna aliyenisukuma, miguu yangu yenyewe iliinuka. Kuni zilikuwa mbichi, moto ukachelewa, nikaupuliza mpaka macho yakatoka machozi, na nikaongeza maziwa ili wasiseme chai yangu ni nyepesi. Niliporudi na birika, sanduku lilikuwa wazi, hati iko mezani, na mume wangu ameshafunga kalamu yake.

Walikunywa. Shemeji akasema, "Chai yako ni tamu, shemeji." Akaongezewa.

Miezi michache, baruti. Vyombo vilikuwa vinatetemeka kabatini. Mti wa asali ulianguka na nyuki wake. Leo huko juu ni shimo lenye maji ya kijani, na mbuzi wawili wameshazama humo. Mume wangu aliendelea kuandika, lakini hakunisomea tena. Nami sikumuuliza. Tuliishi hivyo, tukilishana na kuuguzana, mpaka nikamzika.

Mwaka huu mjukuu wangu, binti anayeishi Syokimau na kufanya kazi ofisini, alikuja akayatoa madaftari yale. Nikamwambia asome yale ambayo sikuwahi kusomewa. Akafika pale wajumbe wa Urusi wanapokuja Tuva kuchukua barua. Barua iko tayari, imebaki muhuri. Muhuri uko kwa sanduku, na juu ya sanduku ameketi mama mzee. Wakubwa wanambembeleza, hasongi. Mwishowe wanamwambia wageni hawajanywa chai. Huko chai yao wanatia chumvi. Mama anajibu, "Mgeni aliyekuja kuchukua nyumba, chai yake iko kwao." Wajumbe wakangoja, wakachoka, wakapanda farasi wakaenda. Na hiyo ndiyo sababu Tuva ilibaki Tuva.

Mjukuu akaniangalia. "Susu, huyu ni wewe."

"Mimi niliinuka," nikamwambia. "Endelea."

Akaendelea. Kumbe mama huyo alikuwa na mume, na mume alisimama mlangoni na fimbo, akiwaambia wajumbe kwamba mkewe akisema amesema. Hapo nilicheka mpaka nikakohoa. Mwongo mkubwa! Alijua tangu siku ile kitu cha kufanya. Aliijua fimbo, akaujua mlango, akampa mtu mwingine, wa nchi ambayo haiko. Mimi mke wake alinipa birika. Angeniambia hata mara moja, "Nilikukosea," ningemsamehe. Alipeleka samahani yake Asia.

Lakini maneno ya yule mama nimeyachukua. Ni haki yangu, yametoka nyumbani kwangu.

Jana niliwaita wote, wanangu wawili na wake zao. Kifunguamimba alianza kuongea habari za maendeleo. Nikamnyamazisha. Mke wake akauliza tutapika nini Jumamosi, maana wageni ni wanne, na kama achinje kuku.

"Jumamosi hakuna moto katika boma hili," nikasema. "Majiko yapoe tangu Ijumaa. Masufuria yaoshwe yafunikwe chini juu, birika niletewe mimi chumbani. Atakayewapa watu hao hata kikombe cha maji, atoke nao. Na hilo sanduku la bati lenye hati iliyobaki lisogezeni hapa mlangoni, mniwekee na mto, kwa sababu nitakaa."