Kisanduku cha Prisila Kilichotakiwa Kumtaja Mchawi

Mnanisumbua. Tangu Jumapili mnanifuata hadi jikoni, andika habari za Prisila, andika, kana kwamba kalamu ni mwiko. Shule yangu iliishia kwenye kitabu cha nyimbo za kanisani. Lakini waliosoma wameshaieleza kombo, kwa hiyo nyamazeni niieleze mimi.

Prisila alizaliwa Mawengi, akaolewa huku kwetu, kwenye mgongo wa kilima unaotazama barabara ya Njombe kwenda Makambako. Baba yake alimlea kwa mpini wa jembe, na mumewe, Anania, akapokea pale baba alipoachia. Siku moja Prisila akachukua mchi, akamvunja Anania taya. Mwanamume akanywa uji mwembamba msimu mzima wa viazi. Tangu hapo wakaishi vizuri, wakazeeka wakicheka pamoja, na Anania alipokufa, Prisila alilia machozi ya kweli.

Wa kupigana naye akabaki Ema, jirani. Ema alisogeza mpaka wa shamba kila kulima, Prisila akaurudisha kila palizi. Waliwahi kung'oana nywele kwenye matope, watu wakishangilia. Wakikutana njiani, hata ile salamu yetu ya "Kamwene" ambayo humnyimi mgeni usiyemjua, wao waliimeza.

Basi akaja Hosea, fundi kutoka Njombe mjini, akitafuta kilima.

"Mama, rada yenyewe, ile kubwa inayozunguka, ni ya viwanja vya ndege vyenye fedha," alimwambia Prisila. "Sisi wa viwanja vidogo tunatumia visanduku. Eropleni ikipita inajitaja kwa mawimbi ya redio. Kisanduku chako kitasikia, cha Makambako kitasikia, cha uwanjani Njombe kitasikia. Tunalinganisha kipi kimesikia kwanza, basi tunajua iko wapi, hata ukungu uwe umefunika."

"Na isiyojitaja?"

"Hiyo hatuisikii."

"Basi ni kisanduku chenye heshima. Hakipekui mtu."

Akakubali. Bomba la chuma likasimikwa nyuma ya jiko lake, juu yake antena na kisanduku kisichozidi mkate, na kipande cha sola cha kukilisha. Prisila akawa mlinzi. Alipangusa vumbi kwenye sola kama anavyopangusa meza ya mgeni, na kunguru waliotaka kutua aliwafukuza kwa nyengo, ile ya kufyekea vichaka.

Kosa lilifanyika kwenye mkutano wa kijiji. Hosea alisimama kueleza kazi yake, na kijana wa watu akanogewa. Akasema, "Kuanzia leo hakuna kitakachoruka juu ya kijiji hiki tusikijue."

Watu wakacheka. Halafu wakaacha kucheka. Huku kwetu si eropleni peke yake inayosemwa kuruka. Kuna ungo, na kuna wanaosemwa kuupanda usiku kwenda kula watoto wa wenzao. Hosea akapigiwa makofi, akaketi, hakujua amesema nini.

Mvua zilipokolea, mtoto wa Silvesta akashikwa na homa, akafa. Msiba ulipokwisha, mchana kweupe, Silvesta akapanda kilima na wanaume wa ukoo wake wakinuka pombe ya ulanzi. Clemens, shemeji yake, alikuwa na dumu la petroli mkono mmoja, na mkono wa pili kamba ya katani. Mwisho wa kamba ile ulikuwa shingoni kwa Ema. Sikio moja la Ema lilikuwa limechanika, damu inashuka kwenye kitenge.

"Kamwene, shangazi," Silvesta akasalimia, kwa adabu kabisa.

"Kamwene."

"Hatukuja kwa ubaya. Kisanduku chako kimeona aliyeruka usiku ule mwanangu alipokufa. Mtaje."

"Hiki hakioni watu. Kinasikia eropleni ikijitaja."

"Usituchezee, shangazi. Huyu tunaye tayari, na macho yake mekundu unayaona. Wewe sema tu ni yeye, tumalize."

Prisila akamtazama Ema. Ema hakuomba.

"Sema basi," Ema akamwambia. "Si umengoja miaka yote? Shamba liwe lako."

"Funga mdomo, mwizi wa ardhi." Kisha akamgeukia Silvesta. "Si yeye."

Mpini wa jembe aliokuja nao Silvesta ukashuka. Mfupa wa mkono wa Prisila ukalia kama bua kavu la mahindi. Prisila akainama, akaokota nyengo kwa mkono uliobaki, akamkata Clemens pajani. Clemens akaachia kamba, akakaa kwenye matope ameshika damu yake kwa viganja viwili. Wengine wakamwangukia Prisila kwa mateke, mbavuni, mdomoni, akayameza meno yake mwenyewe. Ema angeweza kukimbia wakati ule. Hakukimbia. Alimrukia Silvesta akamng'ata kidole hadi meno yakagota kwenye mfupa, ikabidi apigwe jiwe la kichwa ndipo aachie. Wakawalaza wote wawili pamoja, wale wasiosalimiana, na mtu akafungua dumu.

Prisila aliinusa petroli. Akasema, mdomo umejaa damu, "Niinueni. Nitasema."

Wakamwinua.

"Kimeona. Na hakikuona mmoja. Majina yote yako kwenye mashine uwanjani Njombe. Twendeni yakasomwe kwa spika, mbele ya watu, ukoo kwa ukoo. Silvesta, tangulia. Na mama yako mzazi aje asikie kwa masikio yake."

Hakuna aliyeinua mguu. Kila mmoja pale alikuwa na mama nyumbani, au bibi, mwenye macho mekundu kwa moshi wa jiko.

Clemens akasema kutoka kwenye matope, "Bibi yangu hahusiki."

"Bado hatujafika kwake," Prisila akamjibu.

Silvesta akageuka, akalivamia bomba kwa mpini, na wenzake wakamfuata na mawe kama watu waliofunguliwa. Wakaling'oa, wakakiponda kisanduku hadi kikawa maganda, wakamwaga petroli yote juu yake, wakawasha. Kisha wakambeba Clemens, wakashuka bila kutazamana usoni.

Hosea alikuja siku iliyofuata, akaokota waya ulioungua.

"Mama, ungewaambia tu ukweli."

"Ukweli niliusema kwanza, wakanivunja mkono. Uongo ndio uliowaondoa. Na wewe siku nyingine ukija kutueleza mambo, uliza kwanza maneno yako huku yana maana gani."

Silvesta yuko gerezani. Clemens anachechemea, na akimwona Prisila sokoni anazunguka mbali. Mkono wa Prisila umeunga vibaya, haushiki jembe, kwa hiyo Ema ndiye anayemlimia, nao wanatukanana tangu asubuhi hadi jua linapozama. Kilima hakijapata kisanduku kingine. Eropleni zenye wagonjwa zinapita kwenye ukungu juu yetu, na upande huu hakuna kinachozisikia ila sisi, tunaoinua shingo na kuona weupe mtupu.

Nimeandika mlichotaka. Sasa ni zamu yenu. Kwenye kijiji chako yuko bibi mwenye macho mekundu ambaye watu wameanza kumpita kwa mbali, na wewe unamjua. Kesho mchana nenda ukakae mlangoni pake, ule chakula chake, watu wakuone. Kabla hujafanya hivyo, usije tena jikoni kwangu kuniomba hadithi.