Mwanaheri, Kichuguu na Taa za Kaka Yangu

Shemeji yangu Mwanaheri hanipendi, na mimi simpendi, kwa hiyo hakuna mtu anayefaa kumsimulia kuliko mimi. Anayekupenda atakupamba. Mimi sipambi. Ni mwanamke mfupi, mdomo kama msumeno, na mkono mwepesi wa kurusha mwiko. Hili kovu juu ya jicho langu ni mwiko wake.

Anaishi Chiungutwa, kwenye kiwanja alichoachiwa na marehemu mama yake, na nyuma ya nyumba kuna kichuguu. Msikicheke. Kile kichuguu kinanipita urefu, na mimi si mfupi, waulizeni wasichana wa Lulindi. Kila mwaka mvua za kwanza zikishalowesha ardhi, jua likizama, kumbikumbi wanatoka pale kama moshi. Unawakinga, unawakaanga na chumvi bila mafuta maana mafuta wanayo wenyewe, unalia ugali wa muhogo. Wanaobaki unaanika. Ile miezi migumu, mahindi bado machanga shambani na mboga hakuna, watu wote tunatafuna ugali na maji ya chumvi, nyumbani kwa Mwanaheri kunanukia mpaka unatukana.

Sasa kumbikumbi ana ujinga mmoja: taa. Akiona taa anaifuata, hata kama chini yake kuna beseni la maji linamsubiri. Kwa hiyo ukitaka kujua habari za kile kichuguu lazima ujue habari za taa, na taa nazijua mimi, Safari, kuliko mtu yeyote kuanzia Masasi mpaka Makote. Shule niliachana nayo darasa la tano, mwalimu akashukuru Mungu, lakini leo mwalimu huyohuyo taa yake ikikata ananipigia mimi simu. Kama kwako kuna giza, ujue bado hujaniita.

Mama yake Mwanaheri alikuwa anatumia mwenge wa nyasi. Anafunga nyasi kavu, anawasha, anakaa kando ya shimo huku macho yanamtoka machozi na vidole vinaungua. Mwanga wenyewe hauvuki hata uzio. Ikaja koroboi, kopo la maziwa limetobolewa likatiwa utambi wa kitambaa na mafuta ya taa. Ukilala nayo, asubuhi pua yako nyeusi kama bomba la lori. Halafu chemli, yenye kioo na mkono wa kubebea, taa ya watu wanaojiheshimu. Muda wote huo kumbikumbi wa kile kichuguu walikuwa wa mwenye kichuguu, kwa sababu hakuna jirani aliyekuwa na taa ya kuwaita wakamsikia.

Ndipo akaingia kaka yangu Halfani. Kwetu huku mwanaume anahamia kwa mke, na Halfani alihamia na begi moja na karabai. Vijana wa siku hizi hawaijui karabai. Unaijaza mafuta, unaipiga pampu, inanguruma kama paka aliyeshiba, kile kisoksi cheupe ndani kinawaka mpaka unaona sisimizi ukutani. Mwenye karabai enzi zile alikuwa mkubwa kuliko diwani. Jando anaitwa, unyago anaitwa, harusi anaitwa, anakalishwa mbele, mnofu anapewa wa kwanza. Halfani akawa haonekani nyumbani. Yeye na karabai yake wakawa wanazurura kama mbwa wawili.

Siku Mwanaheri anamzaa Zuhra, karabai ilikuwa Lulindi inamulika watu wanacheza. Mkunga alishika koroboi, mafuta yakaisha kazi ikiwa katikati, wakabaki wanachomoa nyasi za paa wanawasha. Zuhra amezaliwa kwenye moshi, akakohoa kabla hajalia. Halfani karudi asubuhi, karabai begani, anapiga mluzi.

Mwanaheri akamwambia, "Taa yako imeona matako ya watu wa Lulindi yote. Mwanao haijamwona."

Hapo ndoa iliisha, ingawa waliendelea kulala nyumba moja muda mrefu. Mwisho wakaachana kweli. Halfani akatoka na begi lake na karabai yake, na kwa kuwa hana haya, na mimi ndugu yake nasema hana haya, akanunua kiwanja ng'ambo ya njia, mlango unatazamana na mlango. Akamwoa Somoe. Mvua za kwanza zilipopiga, akatundika karabai juu ya mkorosho wake, akapiga pampu. Kumbikumbi wote wakavuka njia.

Mwanaheri amesimama kwenye shimo lake na chemli, anawaona wanampita juu ya kichwa.

"Halfani! Hao ni wangu!"

Hakusema Baba Zuhra. Alisema Halfani, kavu hivyohivyo. Kwetu kumwita baba wa mtoto wako jina tupu mbele za watu ni sawa na kumtemea mate.

"Waite basi, Mama Zuhra," kaka akamjibu, "kama wanakuitika!"

Watu wakacheka, na mimi nikiwemo, mimi ndiye niliyecheka kwa nguvu. Mwanaheri akaja mpaka katikati ya njia, akachora mstari kwa kisigino. Akasema, "Ulikula ujana wangu, ukala na usingizi wangu. Kuanzia leo kitu changu hakivuki hapa kuja kwako. Hata mdudu."

Ndiyo vita yenyewe, na sidhani kama kuna siku aliamka akafikiria kitu kingine. Lakini wadudu walikuwa hawajui mstari, wakavuka mwaka ule, wakavuka na uliofuata. Mwanaheri akanunua tochi kubwa ya betri, zikaisha nguvu katikati ya kazi. Akanunua sola, paneli ndogo kama daftari na taa yake. Halfani akaniita, nikamfungia sola mbili. Mwanaheri akaongeza. Nikamfungia Halfani betri ya gari na taa nne. Hakuna ndoa iliyowahi kunipa kazi kama ile talaka.

Nilijaribu kumfuata na Mwanaheri, biashara haina undugu.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba. Toa mguu wako kwenye kivuli cha nyumba yangu."

"Nimekuja kukufungia taa moja, Halfani akiiona anahama."

"Kuliko wewe unifungie taa, bora nilale na giza kwa heshima zangu," akasema, akaenda kumleta fundi kutoka Newala. Fundi gani, nyaya amezifunga kama anafunga kuku.

Aliposhindwa kwa taa akaenda kwa mwenyekiti wa kitongoji, Mujibu. Tukakusanyika. Mujibu akamuuliza, "Mama Zuhra, hawa kumbikumbi wakitoka shimoni wanafuata nini?"

"Taa."

"Taa ya nani?"

"Ya mwizi."

Watu wakaangua kicheko. Mujibu hakucheka, maana bakuli la Halfani lilikuwa limeshafika kwake na kipande cha bawa bado kiko kwenye ndevu. Akaamua kwamba mdudu akiwa ndani ya kichuguu ni wa Mwanaheri, akisharuka si wa mtu, akitua ni wa aliyetuliwa.

"Kwa hiyo mimi niwazuie wasiruke," Mwanaheri akasema.

"Wazuie. Mshike kila mmoja bawa lake."

Mwanaheri akafunga kanga yake vizuri, akaondoka bila kuaga. Sisi tukaona kashindwa. Tukaenda kwa Halfani tukala.

Halafu zikaja nguzo za umeme, zikapita upande wa Halfani. Upande wa Mwanaheri wakaambiwa wasubiri, na mnajua kusubiri kwa umeme. Kaka akaniita akaniambia, "Safari, nataka taa ambayo huyu mwanamke akiiona atajuta kuzaliwa." Nikapanda mpaka Masasi mjini, nikarudi na taa ile ya uwanja wa mpira, pana kama sinia la pilau. Nikaifunga juu ya mlingoti, nikaielekeza sawasawa kwenye kichuguu cha shemeji. Siku ya kuijaribu jogoo wa Mwanaheri aliwika saa mbili usiku. Sijisifu, lakini kazi ile ukiitazama unatoa machozi, na si kwa uchungu.

Wiki hiyo nikampita Mwanaheri na pikipiki, nikamkuta amekaa chini anashona maturubai ya kuanikia korosho, anaunganisha moja na lingine kwa sindano ya magunia. Kando yake kuna miti ya kujengea na nailoni ngumu, ile inayoonyesha ng'ambo kama kioo.

"Shemeji," nikamwambia, "unakishonea kichuguu gauni? Kinaolewa lini?"

"Nakishonea sanda. Hebu lala hapo chini nikupime, kitambaa kikibaki nitakukatia na wewe."

Nikaondoka nacheka. Nikamsimulia Halfani, naye akacheka, akasema mwanamke ameshachanganyikiwa. Akatangaza mji mzima kwamba mvua ikipiga waje kwake na mabakuli, mwaka huu watu watakula mpaka watapike.

Mvua ikapiga, ikakata alasiri, joto likapanda kutoka ardhini. Watu wakaja. Mujibu kakaa kwenye kiti cha mbele, bakuli kubwa mapajani. Somoe kashaweka kikaango jikoni na chumvi kwenye kisahani. Jua lilipozama Halfani akawasha, na pakawa mchana. Watu wakapiga vigelegele, nikasimama ili wajue nani amefunga.

Tukasubiri. Wakaja nondo. Mbu. Likaja kombamwiko moja likampiga Mujibu kipara. Kumbikumbi wakaja wa kuhesabika, wamepotea njia, kuku wa Somoe wakawamaliza.

Halfani akanigeukia. "Safari, taa yako ina nini?"

"Taa yangu haina kitu. Dondosha sindano hapo uone kama hutaiona."

"Sili sindano mimi!"

Ndipo tukasikia ng'ambo ya njia sauti kama mvua inanyesha juu ya nailoni. Ta-ta-ta-ta, haikatiki. Nikavuka kwenda kuangalia.

Mwanaheri alikuwa amekizungushia kichuguu chote miti, akatandaza maturubai juu mpaka chini, pembeni kote amefukia kwa udongo. Ndani giza tupu. Ameacha dirisha moja, chini, upande wa Halfani, na dirisha hilo kaliziba kwa ile nailoni ya kuonyesha. Taa yangu, niliyoifunga mimi kwa mikono yangu, ilikuwa inaingia moja kwa moja pale dirishani. Kumbikumbi wakitoka shimoni hawaoni kitu kingine duniani isipokuwa lile dirisha. Wanalivamia, wanajigonga, wanateleza, wanaangukia kwenye beseni. Na mabeseni yalikuwa kadhaa, limejaa moja anapenyeza mkono chini ya dirisha, mahali pekee ambapo hakufukia, analivuta, anasukuma lingine. Yeye mwenyewe kakaa kwenye kigoda, sola zake zote kazizima.

"Shemeji, mbona huna taa?"

"Ninayo," akasema, akanionyesha kwa mdomo upande wa kaka yangu. "Ile pale. Umeifunga vizuri, hongera."

Nilirudi nikamweleza Halfani. Uso wake ulijaa kama unga uliotiwa hamira.

"Anatumia umeme wangu? Umeme ninaolipia mimi?"

"Si uzime," Somoe akamwambia, amechoka kukaa na kikaango kinachoungua bure.

"Azime tukae gizani na mabakuli?" Mujibu akauliza. "Halfani, ulisema tutatapika."

Kaka akabaki amesimama, mkono uko kwenye swichi, hazimi wala hauondoi. Na hapo sauti ikaja kutoka ng'ambo, kubwa, ya mtu asiye na haraka:

"Halfani! Hebu isogeze kushoto kidogo, huku pembeni hawaoni vizuri!"

Watu walicheka, jamani. Watu waliokaa kwenye viti vyake, chini ya taa yake, walicheka mpaka mwingine akaanguka na kiti. Halfani akazima.

Giza likaingia, na kabla macho hayajazoea, ng'ambo ikawaka sola moja ndogo, Mwanaheri ameiweka nje ya dirisha lake. Ile sauti ya nailoni ikaendelea palepale ilipoishia.

Sasa wageni wanafanyaje? Wana njaa na mabakuli matupu. Wakaanza kuvuka mmojammoja. Wa kwanza akasema kwa upole, "Mama Zuhra, tusaidie japo mboga ya watoto."

"Mlialikwa kwenye taa," Mwanaheri akajibu, hata hakuinua kichwa. "Kaleni taa."

Mujibu akajisogeza mbele. "Mimi ni mwenyekiti wako, Mama Zuhra."

"Na mimi ndiye niliyekuja kwako na kilio changu. Usiku mwema."

Hakumpa mtu. Ndugu zake hakuwapa, jirani wa ukuta mmoja hakumpa. Kama mlitaka mama mwenye huruma mngetafuta msimulizi mwingine, mimi nimewaambia tangu mwanzo.

Asubuhi nikajipa moyo. Nikaona mimi nina haki yangu, taa nimefunga mimi. Nikachukua bakuli nikaenda. Uwanja wake wote umetandikwa kumbikumbi wanakauka, unakosa pa kukanyaga. Yeye anapepeta kwa ungo, mabawa yanaruka yanatua kwenye gunia.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba. Lete bakuli."

Nilishangaa. Nikampa. Akaingiza mkono kwenye gunia, akajaza mabawa, akashindilia kwa kiganja, akaongeza ya juu yakawa mlima.

"Hii si yako," akasema. "Mpelekee kaka yako. Mwambie Mama Zuhra amemkumbuka."

Nikavuka njia nimelikumbatia bakuli. Upepo ukapiga, nyuma yangu njia ikawa nyeupe. Halfani alikuwa kibarazani, hajalala, na taa yangu iko juu ya kichwa chake imezimwa. Akaona bakuli, macho yakamtoka.

"Amekupa?"

"Hapana," nikamwambia, nikamwekea mapajani. "Amekupa wewe."