Taa Iliyowashwa Adhuhuri

Siku hizo nilikuwa karani bomani Dodoma, na kichwa changu kilijaa majivuno. Nilisoma shule ya serikali huko pwani, nikakijua Kidachi, lugha ya Wajerumani waliotutawala, wala sikumpa mtu nafasi ya kulisahau jambo hilo.

Baba mkwe wangu alikuwa mtu wa Kondoa, mwenye duka karibu na stesheni. Kwa miaka mingi aliwauzia wapagazi wa misafara mtama, chumvi na kamba. Reli ilipofika misafara ikafa, magunia yakabaki yakimtazama. Hakukata tamaa. Alitaka kugeuza biashara, anunue ngozi na karanga kwa Wagogo, azipakie kwenye treni ziende pwani. Alichohitaji ni misimu miwili tu, na wadai wake watatu, Wahindi, wasimkabe koo.

Ujanani aliwahi kufanya kazi Unguja, chini ya sheria za Waingereza, na alinisimulia mara nyingi mambo yalivyokwenda huko. Mfanyabiashara akilemewa huwaita wadai, wakaketi wakapatana; wengi wakiridhia, mkaidi mmoja hawezi kuwavurugia. Duka hubaki wazi na mwenyewe yumo ndani akiuza, ila huwekewa mtu wa kumwangalia. Kwa Wadachi wetu nilijua ni vingine, maana amri zao nilizinakili kwa mkono wangu. Boma likishajua kwamba mtu ni muflisi, mlango hupigwa lakiri, muhuri wa nta, na kila kitu hungoja mnada. Nasikia kwao Ulaya nao walikuwa na mapatano ya namna ile, kwetu hayakufika. Mimi niliipenda sheria yao kwa unadhifu wake, Mungu anisamehe.

Basi Alhamisi moja, adhuhuri, mzee aliwasha taa ya mafuta akaiweka kizingitini. Ni desturi aliyoiona kwa Wahindi wa Unguja: taa mchana kweupe maana yake nimelemewa, njoni tuzungumze. Wadai walielewa, wakatuma neno kwamba wangekuja kesho yake baada ya sala ya Ijumaa.

Bwana Shauri, Mdachi mkuu wangu wa bomani, akapita hapo akielekea stesheni, nami nyuma yake na makaratasi. Akasimama, akacheka.

"Huyu mzee ana wazimu? Anachoma mafuta juani?"

Ningeweza kusema anajaribu utambi. Ningeweza kunyamaza. Lakini nilijua kitu ambacho Mdachi hakukijua, na raha yake ikanipanda kichwani.

"Hapana, bwana. Hiyo ni alama ya muflisi."

Hakucheka tena. Kabla ya alasiri askari walikuwa mlangoni na nta nyekundu. Wadai walipokuja Ijumaa wakaikuta lakiri. Mmoja wao aliniomba nimweleze bwana kwamba wao wenyewe wako radhi kungoja. Siku hiyo nilitafsiri vizuri kabisa. Bwana akajibu kwamba shauri limekwisha andikwa.

Mnada ulikawia miezi. Mlango ulipofunguliwa, mtama ulikuwa unga wa fukusi, na ngozi chache alizoanza kununua zilikuwa zimetobolewa na wadudu. Wadai waliondoka karibu mikono mitupu, hata wao.

Baada ya mnada mzee alikuja kwangu, akaketi mkekani. Mke wangu akaleta maji.

"Shikamoo, baba," nikasema.

"Marahaba, mwanangu. Ni nani aliyemweleza Mdachi maana ya ile taa?"

"Sijui, baba."

Akafikiri kidogo. "Wahindi wasingejiharibia wenyewe. Ukiondoa wewe, hapa anayeijua desturi ile ni mtu mmoja."

Alimaanisha rafiki yake wa kijiji cha Zuzu, waliyeishi naye Unguja wakati wa ujana. Mke wangu alinitazama. Nilichukua kata nikanywa maji, ingawa sikuwa na kiu.

Mzee hakusema tena na rafiki yule mpaka alipofariki. Siku ya maziko yule wa Zuzu alikuja kwa miguu, akasimama mbali na watu, asijue amekosa nini. Mimi nilikuwa mbele, nimeshika jeneza.