Waliolima Wakati wa Hesabu

Siku yangu ya kwanza kazini, shule moja ya msingi karibu na Igalula, Mwalimu Mkuu alinipeleka darasa la tano nikaone hesabu za kichwa, yaani maswali yanayojibiwa papo hapo bila kalamu wala karatasi. Anayekosa anatoka, anachukua jembe. Kipindi chote yuko shambani, wenzake wanafundishwa.

Nyie vijana mkisikia Elimu ya Kujitegemea, ile ya masomo pamoja na kazi za shamba, mnadhani ilikuwa adhabu. Haikuwa hivyo hata kidogo. Shamba la shule lilikuwa la wote, walimu pia tulilima. Sisi wenyewe ndio tuliolifanya jalala la watoto wasiojua hesabu.

Darasani mle alikuwemo Kabula. Alisoma Kiswahili vizuri mpaka wageni wakija, yeye ndiye anayeitwa awasomee. Alitaka kuwa mwalimu. Lakini akiulizwa saba mara nane, basi, macho chini, anatoka. Kesho vilevile. Sasa niambieni, mtoto anayelima wakati wa hesabu atazijua lini?

Nilimuuliza Mwalimu Mkuu hivyo hivyo. Hakukasirika. Alikuwa mtu mpole, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

"Mwalimu, kichwa cha huyo hakishiki," alisema. "Mwache alime. Mikono anayo."

Nikaenda kwa baba yake, nikidhani nitapata wa kunisaidia. Alinikaribisha karanga, akacheka. Akasema hata yeye hesabu zilimshinda, na marehemu mama yake, bibi yake Kabula, pia; kwao ni mambo ya damu. Kabula alikuwa palepale anapukuchua mahindi, anasikia yote.

Nikaanza kumfundisha mwenyewe jioni, na alikuwa ameanza kuelewa. Mara nikapewa uhamisho wa Choma, kule Igunga. Mtihani wa darasa la saba ukamshinda. Habari iliponifikia nililia, wala sioni haya kusema.

Miaka ikaenda. Nilirudishwa shule ileile nikiwa mimi ndiye Mwalimu Mkuu, nimebakiza muhula mmoja nistaafu. Siku ya kuandikisha darasa la kwanza akaja mama mmoja na binti yake, akaniamkia shikamoo, nikamtambua kwa sauti. Kabula! Nilifurahi mno. Yeye akasema taratibu, bila kinyongo:

"Huyu wangu, mwalimu, asikusumbue na hesabu. Ni kama mimi. Muonyeshe tu shamba lilipo."

Mtoto hajaingia darasani hata siku moja, jamani.

Sasa nimestaafu, nakaa Kanyenye. Watu wazima wenye kazi zao hupita barazani kwangu wakijigamba kwamba hesabu ziliwapiga chenga, na wote wanacheka. Mimi sicheki. Yule binti nilimfundisha mwenyewe muhula ule. Siku moja alijumlisha vizuri, nikamwekea vema kwenye daftari. Akaitazama ile alama, kisha akanirudishia daftari kwa mikono miwili.

"Umekosea, mwalimu," akasema. "Sisi kwetu hatuwezi."